Glasi ya Kwanza Alipewa Mama Otim

Nateete, Kampala
10 Februari 2002

Mdogo wangu Estelle,

Nakusalimia mpaka bahasha inakataa kufungika. Sisi huku tuko wazima. Mgongo wangu ndio haujapona, lakini nimeuzoea, tunaishi pamoja kama mtu na mpangaji mkorofi. Valère anakusalimia. Bado yuko Katwe anachomelea milango ya chuma, jioni anarudi macho mekundu, ukimwona utasema bwana wangu katoka msibani. Na shemeji Jean-Claude anasemaje? Mpe salamu zangu, na mwambie tunangoja harusi yenu mpaka viatu vyangu vya harusi vinaanza kupasuka kabatini.

Jirani yetu yule wa vitenge ameweka jino la dhahabu. Tangu aliweke anacheka hata kwenye maombi ya kufunga. Mchungaji Josias akamwambia, dada, leo tunalilia dhambi. Akacheka tena.

Sasa sikia. Exaucée wangu amepata mtu. Kijana anaitwa Otim, anatengeneza redio Old Kampala, karibu na pale wanapojenga ule msikiti mkubwa. Ni watu wa kaskazini, huko Lira. Baba yake ni sajenti Ogwal wa polisi, mtu wa kucheka. Mama yake Alal anapika malwa, ile pombe yao ya ulezi, kwenye kambi ya polisi, na malwa yake polisi wanaisifu mpaka wakubwa wao. Mama huyo ni mrefu, mweusi, mtulivu. Mimi nasema maneno mia, yeye anajibu mmm. Namwogopa kidogo, sikufichi.

Watakuja kwetu baada ya Pasaka, watuone na tuwaone. Na hapo ndipo kuna shida, na shida yenyewe ni mdomo wangu, unaujua. Tulikuwa kanisani tunapanga vinywaji, mama mmoja akasema, wakimbizi mtawapa nini wageni zaidi ya Fanta? Mimi nikasema, mdogo wangu Estelle huko Cape Town ndiye anawamiminia matajiri divai, ataniletea chupa ambayo hata balozi hajaonja. Nilisema tu, ili yule mama anyamaze. Kumbe maneno yana miguu. Yamepanda taksi mpaka kambi ya polisi. Juzi Otim ananiuliza kwa heshima, mama, eti kuna divai?

Bambi, tafadhali, Estelle, niokoe. Moja tu. Mchungaji Josias anakuja huko mwezi wa tatu kwa mkutano wa makanisa, atabeba. Na uniandikie inanywewaje, nisije nikaitia sukari mbele ya watu.

Dada yako anayekusumbua,
Emérence


Cape Town
21 Machi 2002

Dada mkubwa Emérence,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mimi mzima, kazi ni nyingi, huku joto linaisha na upepo umeanza kutupiga. Nimefurahi sana kwa Exaucée. Nilipoisoma nilimwonyesha barua yako mpishi wetu wa kazini, asiyejua Kiswahili hata kidogo, nikamwambia huyu mtoto nilimbeba mgongoni mimi.

Chupa hiyo hapo, nimeifunga ndani ya sweta mbili, na sweta ni zako. Ni divai nyeupe, lakini usishangae ikitoka na rangi ya asali. Nyeupe ikizeeka inageuka dhahabu, na hiyo imezeeka vizuri. Angalia karatasi yake: 1981. Ni mwaka aliozaliwa Exaucée. Usiniulize nilivyoipata.

Sasa nisikilize, maana chupa kama hiyo haina ya pili. Isimamishe siku mbili kabla ya wageni, usiitikise. Ipoze, lakini isigande. Watu wanaweka kwenye barafu mpaka ulimi unakufa, hausikii kitu. Baridi ya maji ya mtungi inatosha. Kizibo kitakuwa laini kama mkate wa jana, mtu mwenye mikono taratibu ndiye akifungue. Mwanzoni itanuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Isikutishe. Iache ipumue, uongee mambo mengine, wewe si mtu wa kukosa maneno. Ukirudi utasikia asali, nta ya mshumaa, ganda la chungwa lililokaushwa, karanga za kukaanga. Usijaze glasi. Chini ya nusu, ili harufu ipate pa kukaa.

Chakula kiwe kipole. Samaki wa kuchemsha, kuku wa karanga, uyoga. Pilipili siku hiyo ifungie kabatini. Divai changa inaweza kupigana na pilipili. Hii ni mzee, mpe kiti akae.

Na jambo la mwisho. Kabla ya wageni, unamimina kidogo kwenye glasi ya mwenye nyumba. Ananusa, anaonja, ndipo wageni wanapewa. Bosi wangu aliponifundisha hivyo nilicheka peke yangu, nikasema, hii mbona ni sheria ya Mama. Unakumbuka, tangu baba mdogo alipokunywa kile kitu kwenye sikukuu kule nyumbani Kadutu na asifike asubuhi, Mama alikuwa hampi mgeni hata maji kabla hajayanywa yeye. Alikuwa akisema, katika nyumba yangu anayemimina ndiye anakunywa kwanza. Kumbe Mama alikuwa mwenzao matajiri.

Mbusu Exaucée. Niandikie kila kitu, nataka hata sura zao.

Mdogo wako,
Estelle


Nateete
6 Mei 2002

Mdogo wangu Estelle,

Salamu nyingi, na asante kwa sweta, ile ya kijani inanibana lakini naivaa hivyohivyo. Valère ana kikohozi cha moshi wa kuchomelea. Jean-Claude hajambo? Mwambie sijasahau viatu vyangu.

Wageni walikuja. Estelle, ungeona viti. Tuliazima vya kanisa, vile vya plastiki vyeupe, mama wa jino la dhahabu akaleta vitambaa vya kuvifunika, tukavifunga kwa utepe wa bluu nyuma kama maharusi wamekaa. Kiti kimoja mguu wake ulikuwa umepasuka, nikampa Valère akae hicho, maana yeye ni fundi wa vyuma, kikivunjika ajue mwenyewe. Mimi nilivaa gomesi ya zambarau. Ile ya mabega makali. Exaucée alipendeza mpaka nikaangalia pembeni. Sajenti Ogwal alitoa utani mwingi. Mvua ilianza halafu ikaacha, kama imekumbuka kitu nyumbani. Kuku walikuwa watatu, wa karanga, vile ulivyosema, bila pilipili. Nilipika na sombe kidogo ya majani ya mihogo, na samaki sangara, na ndizi za kuchoma, na mtoto wa jirani alitumbukia kwenye sufuria ya mchele, lakini ilikuwa imepoa.

Divai ilinywewa. Walisema ni tamu.

Tarehe ya harusi bado hawajasema. Hawa watu wa kaskazini hawana haraka, wanapenda kufikiri. Otim ana kazi nyingi siku hizi, redio zimeharibika mji mzima.

Mchungaji Josias anasema huko kwenu mlima umekatwa juu kama meza. Ni kweli?

Dada yako,
Emérence


Cape Town
2 Juni 2002

Dada,

Shikamoo. Mlima ni kweli. Mimi mzima, ila baridi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani kuna karatasi imeanguka njiani. Viti umeniandikia ukurasa mzima. Divai umeniandikia mstari mmoja na nusu. Wewe, Emérence, ambaye ukinunua nyanya soko la Nateete naambiwa mpaka rangi ya kikapu. Ilinuka nini? Kizibo kilitoka? Nani alishika glasi vizuri na nani aliishika kama kikombe cha uji? Alal alisema nini, au alisema mmm? Nataka kujua, maana chupa ile niliilalia karibu miaka mitatu chini ya kitanda changu nikiwaza siku itakayofunguliwa.

Na kuna kitu nilisahau kukuandikia, kikanijia ghafla siku moja nikiwa kazini nimesimama na sinia. Divai nyeupe iliyozeeka mara nyingine inaweka chumvi yake chini. Vipande vidogo vinang'aa, ukiviangalia utasema ni kioo kilichosagwa. Huku wateja wengine wanapiga kelele wakiviona. Si kioo, si uchafu, si sumu. Ni chumvi ya zabibu zenyewe, ukiitafuna inalia tu kwenye meno. Natumaini hamkuogopa. Nilijilaumu sana.

Niandikie. Na harusi ni lini?

Estelle


Nateete
25 Agosti 2002

Mdogo wangu Estelle,

Salamu. Najua umengoja. Barua yako ilifika mwezi wa sita mwishoni. Kikohozi cha Valère kimepona. Yule wa jino la dhahabu jino limeng'oka, akalimeza na ugali, sasa anatembea na uso mzito, sikuandikii zaidi maana ni mtu mzima. Mvua imekata. Ndizi zimepanda bei. Mchungaji ananunua spika mpya za kanisa.

Nimemaliza habari. Nimezunguka mpaka njia imeisha.

Nilipofika pale ulipoandika chumvi, nilicheka kwa sauti nikasema kumbe. Exaucée alikuwa anapiga pasi, akanigeukia. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Estelle, niliyasoma yale maneno yako yote ya mwanzo. Nilisimamisha chupa siku mbili, sikutikisa. Valère alitengeneza chuma cha kufungulia huko Katwe, alikikunja kutoka springi ya kiti cha gari. Asubuhi ya siku ile nikaiinua chupa dirishani, nimwonyeshe Mungu nimefuata maagizo. Nikaona rangi ya chai. Sawa, uliandika asali, nikasema ni asali. Halafu nikaona chini. Vipande vinang'aa, vingi, vinapanda na kushuka.

Nikasema, chupa hii imepita mikono mingi, uwanja wa ndege huko, uwanja wa ndege huku, mtu ameinywa, amejaza chai, na ameweka kioo. Ile ya baba mdogo ikanijia yote, mpaka harufu ya ile nyumba. Na nikairudisha mezani. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Nateete nzima walikuwa wanajua. Yule mama wa Fanta alikuwa amealikwa, amekaa kiti cha mbele, amevuka miguu, anangoja.

Wageni wakakaa. Sajenti Ogwal akasema, "Mama Exaucée, hii ndiyo ile ya balozi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi lete haraka kabla balozi hajasikia."

Watu wakacheka. Valère akafungua, nusu ya kizibo ikatoka, nusu ikatumbukia, akashikilia kichujio cha chai juu ya glasi. Mimi nikashika chupa. Nikamimina glasi ya kwanza, kidogo, vile ulivyosema. Hiyo glasi ilikuwa yangu, Estelle. Uliandika. Mama alisema. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Nikampa Alal.

Yeye hakuipokea haraka. Akaniangalia, akasema polepole na kile Kiswahili chake cha kambi, "Wewe onja, mama. Hii ni nyumba yako."

Nikasema, "Mimi nimeokoka, mama. Sinywi."

Exaucée akainua kichwa. Krismasi tulikunywa pombe ya ndizi mimi na yeye mpaka tukaimba.

Alal akapokea. Alinusa muda mrefu, na yule ni mpishi wa pombe, pua yake haidanganywi. Akanywa kidogo, akaiacha mdomoni, akafumba macho. Mimi nilikuwa naangalia koo lake. Hapo ndipo pananiuma. Nilisimama na chupa, nimevaa gomesi, natabasamu, na naangalia koo la mama wa watu, iteremke, nione atafanya nini.

Akasema, "Hii imelala miaka mingi. Haina hasira."

Ogwal akanywa, Otim akanywa, shangazi yao akanywa. Nikagawa chakula. Nikaenda jikoni, nikarudi. Hakuna aliyeshika tumbo. Ogwal anacheka vilevile. Moyo ukashuka, nikaona kumbe ni nzuri, na bado ipo, na mimi ndiye niliyeitafuta. Nikajimiminia. Nikanywa mbele yao, nikasema mmm, tamu kweli. Mimi niliyeokoka.

Alal aliweka glasi yake chini taratibu, kama mtu anaweka yai. Akaangalia glasi yangu. Akaniangalia mimi. Akamwambia bwana yake maneno machache kwa lugha yao, na sajenti Ogwal akaacha kucheka katikati. Nyama ya kuku waliigusa tu. Wakasema asante kwa chakula, wakaondoka, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kwa hiyo mvua haikuacha, ile nilikudanganya pia.

Otim haji. Exaucée alinisemesha mara moja tu kwa jambo hilo. "Mama, uliwangoja." Nikamwambia, niliwangoja nini, wewe mtoto? Akasema, "Uliwangoja." Tangu siku ile anapika, anafua, ananipa chakula kwa mikono miwili, hasemi. Hakuna adabu inayoniumiza kama hiyo.

Mpaka barua yako ya chumvi nilikuwa na kitu cha kujifichia. Nilikuwa nasema moyoni, lakini kioo kilikuwepo, mtu yeyote angeogopa. Sasa umeniambia hapakuwa na kioo. Kitu kibaya mezani siku ile kilikuwa kimoja, na kilivaa gomesi ya zambarau.

Mabaki yapo. Vidole viwili, pamoja na chumvi yake. Nimeziba na kitambaa, nimeficha nyuma ya kabati. Siwezi kumwaga, siwezi kuangalia.

Msalimie Jean-Claude. Usimsomee hii.

Emérence


Cape Town
22 Septemba 2002

Dada Emérence,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki nzima ndani ya mfuko wa aproni. Nilianza kukuandikia mara tatu, na mara zote tatu yalitoka matusi. Kwa hiyo itakuwa fupi.

Sikuandikii ili nikufariji. Ungesema chupa imeharibika, watu wangecheka, mngekunywa Fanta, na leo Exaucée angekuwa na tarehe. Kuogopa ningekuelewa. Sisi sote tumekulia kwenye uoga ule. Lakini uliogopa, na ukampa mtu.

Usimsalimie tena Jean-Claude. Unamsalimia kila barua na mimi kila barua naruka. Aliondoka Desemba ya mwaka juzi, ana mke Johannesburg, na mtoto wa kutembea, kwa hiyo hesabu yake unaiweza. Niliona aibu kukuambia, maana nyumbani kote ulishatangaza. Ile chupa niliinunua kwa ajili yetu sisi wawili, niliitoa mshahara wangu kidogo kidogo, tuifungue siku ya harusi. Nikasema basi, inywewe kwa Exaucée, angalau ikutane na mtu mwenye furaha. Ndiyo maana nilitaka kujua ilinuka nini.

Hayo mabaki yamekuwa siki sasa. Yapeleke hivyo hivyo kwa Mama Otim. Nani anakunywa kwanza, unajua.

Estelle


Nateete
3 Novemba 2002

Estelle wangu,

Salamu zote leo ni zako peke yako, sijamgawia mtu. Viatu vya harusi nimempa jirani, vilikuwa vinanibana tangu zamani. Jean-Claude sina neno naye, ila ningekuwa naye karibu ningemkalia. Ungeniambia, mdogo wangu. Mimi nimesema habari za watu wote Nateete, yako ningeinyamazia. Naona unacheka. Kweli, pengine ningeinyamazia wiki moja.

Nilienda. Sikupanda boda, niliogopa kutikisa, nikatembea na chupa nimeifunga kitenge kama mtoto mchanga. Kambini nikamkuta Alal nje ya nyumba yake, anakoroga unga wa malwa ndani ya chungu, na askari wawili wamekaa na mirija yao wanangoja. Hakusimama. Akasema, "Mama Exaucée," halafu akaendelea kukoroga.

Nikasema nimekuja na neno. Akasema sema. Nikawaangalia wale askari. Akasema, "Hawa ni watoto wangu. Siku ile kwako watu walikuwa wengi kuliko hawa."

Nikasema. Estelle, unajua mimi nikisema nazunguka, lakini siku ile maneno yalitoka uchi. Nilisema niliona kitu chini ya chupa nikadhani ni kioo. Nilisema nilijua sheria ya mama yangu. Nilisema nilimpa yeye kwanza nione. Askari mmoja aliushusha mrija wake.

Alal akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mimi bibi ya polisi. Mtu akiangalia koo yangu, najua." Akaongeza maji ya moto kwenye chungu. "Divai sikuikasirikia. Ilikuwa nzuri. Hata leo nikipika nawaza ile harufu, kama karanga na mshumaa wa kanisa. Lakini wewe ulinifanya mimi mbwa. Mbwa ndiye anatupiwa nyama kwanza."

Nikaiweka chupa chini mbele yake.

Nikafungua kitambaa. Nikaomba glasi, akanipa kikombe cha plastiki. Nikamimina yote, na chumvi yake, nikanywa mbele yake mpaka mwisho. Estelle, ile si divai tena, ni siki inayoweza kusafisha masufuria, machozi yalinitoka. Na ile chumvi ikalia kwenye meno, kwacha kwacha, kama ulivyosema. Nikainua macho. Alal alikuwa amesimama, anaangalia koo langu. Hakuficha. Alingoja mpaka ikashuka yote.

"Umekufa?" akaniuliza.

"Bado."

"Mmm."

Wale askari walicheka mpaka mmoja akaangusha mrija. Alal hakucheka. Akaokota ule mrija, akauosha, akanipa mimi. "Kaa. Kwetu ni chungu moja, mirija mingi. Hakuna wa kwanza, hakuna wa kuangalia."

Nikakaa, nikashika mrija.

"Si umeokoka?" akasema.

Nikanyonya. Ilikuwa ya moto, chungu kidogo, na baada ya ile siki ilikuwa kama mtu kaniwekea mkono begani. Nilipoinuka akaniambia Otim atakuja Jumapili, na wao wenyewe watakuja Desemba kusema tarehe. Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie, bado sijamaliza. Kuku pika vile vile. Soda tununulie iliyofungwa. Yangu nitafungua mwenyewe."

Otim alikuja. Alitengeneza redio yetu ambayo haijaharibika, akakaa mpaka giza. Exaucée ananiongelesha, si kama zamani, lakini jana aliniambia gomesi ya zambarau niigawe, na nimeigawa. Ile habari imezunguka kambi yote na imeshafika sokoni. Wauza nyanya wananiita Mama Onja. Mwanzoni nilikuwa nageuza njia. Sasa nikiitwa naitika, ni jina langu, nililitafuta mwenyewe.

Alal aliniuliza harusi yako wewe ni lini, maana nilishamtangazia zamani. Nikasema sijui. Hilo ndilo neno pekee nimelificha mwaka huu ambalo silionei aibu.

Njoo Desemba. Chupa nimeiosha, ipo dirishani na karatasi yake ya 1981, Exaucée ametia maua. Usibebe kitu. Na kama mkono wako utakataa kuja mtupu, basi leta, nitamimina mbele ya Alal, na utanikuta mimi nimeshakunywa.

Dada yako,
Emérence